Mchumba wangu anaposti mashetani: ni mtu wa namna gani?

*Mwalimu anajibu barua za wasomaji kuhusu picha, michoro na vinyago*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Tabata, nauza dawa kwenye famasi. Nina mchumba, mhasibu, ofisi yake iko Posta. Washenga walishaleta barua nyumbani na ikajibiwa, imebaki kumaliziwa mahari. Sasa huyu mwenzangu ana akaunti ya picha za kuchora za ngano za kale, za Wagiriki hasa, na wafuasi wake wamepita elfu tisa. Kila usiku akishakula anaposti moja. Uso wake haumo, wangu haumo.

Mwezi uliopita shangazi alikuja kutoka Tanga akataka aonyeshwe kazi za huyo kijana. Ya kwanza kutokea ilikuwa lile jitu lililotoa macho linamtafuna mtu, kichwa kimeshaliwa. Iliyofuata, malaika mwenye mabawa ya kiza, jicho jekundu, amejificha nyuma ya mkono wake. Shangazi akanirudishia simu, akasema huyo ni Frimasoni, mahari isipokelewe. Baba tangu siku hiyo yuko kimya.

Mimi namjua ni mpole, hapandishi sauti, hanywi, kalelewa na bibi yake Singida. Habari za baba yake huwa hazungumzi. Lakini nikikaa peke yangu nikazipitia picha zake, mwili unanisisimka. Nimekuwekea picha zote za miezi mitatu pamoja na maneno anayoandika chini. Naomba uniambie, mtu anayekusanya vitu hivi ni mtu wa namna gani? Na mbona mimi hajaniweka hata mara moja?

*Mwenye wasiwasi, Tabata*

Marahaba mwanangu. Nimezipitia zote, moja baada ya nyingine, kwenye kompyuta ya mwanangu wa kiume maana kwenye simu huwezi kuona kitu cha maana. Tuanze na hofu ya shangazi, kwa sababu posa yako imekwama hapo.

Lile jitu ni kazi ya Mhispania Francisco Goya. Alilichora kati ya mwaka 1819 na 1823, tena ukutani, ndani ya nyumba yake mwenyewe nje kidogo ya Madrid, akiwa mzee na masikio yameshakufa. Kuta za nyumba ile alizijaza picha 14 za namna hiyo. Hakuziandika majina, hakuziuza, wala hakuzitangaza kwa mtu. Yeye alikufa 1828, na miaka ya 1870 ndipo zilipobanduliwa ukutani na kuhamishiwa kwenye kanvasi. Leo ziko kwenye jumba la Prado. Waliokuja kuzitazama baadaye ndio waliosema huyu ni Saturn, ambaye Wagiriki wanamwita Kronos: aliambiwa kwamba mmoja wa watoto wake atampindua, basi kila mtoto akizaliwa anammeza. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Ni picha ya mtawala anayeogopa kurithiwa. Hakuna ibada pale wala siri ya chama. Mtazame usoni vizuri, utaona anayekutisha ndiye mwenye hofu kuliko wote. Macho yamemtoka kama mtu aliyefumaniwa.

Malaika naye ni wa Mfaransa Alexandre Cabanel, mwaka 1847, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa masomoni Roma. Picha iko Montpellier. Huyo ni Ibilisi ameshafukuzwa, habari ambayo shangazi yako anaijua vizuri, awe ameisikia msikitini au kanisani. Mchoraji hakumpamba ili tumpende. Alichokichora ni chozi la hasira, chozi la aliyekataa kutii na sasa hana pa kurudi. Na picha hii imezunguka mno kwenye simu za vijana. Kwa hiyo kuiona kwa mchumba wako hakunipi habari yoyote juu yake, zaidi ya kwamba ana bando.

Mada ya picha haimtambulishi mtu, mwanangu. Ngano za Wagiriki zimejaa damu, wivu, watu kugeuzwa miti na wanyama. Ukifungua ukurasa wa ngano ukasema damu siitaki, utabaki na maua na mbuzi. Panda daladala uende Mwenge, pale kwenye vinyago. Utakuta mashetani ya mpingo yamepangwa chini, jicho moja, mdomo umekwenda upande, tumbo limetobolewa katikati, na wanaoyachonga ni baba za watu, adhana ikilia wanaweka patasi chini wanakwenda kuswali. Mtindo ule ulianza hapa Dar es Salaam miaka ya 1950, na anayetajwa kuuanzisha ni Mmakonde aitwaye Samaki Likankoa. Baada yake akaja George Lilanga, aliyefariki 2005, akayatia mashetani rangi: masikio makubwa, midomo minene, yanapiga soga, yanacheza ngoma, yanabebana. Nilikuwa nasimama mbele ya kazi zake pale Nyumba ya Sanaa nikatoka na furaha ya siku nzima. Mtu akiniambia Lilanga alikuwa mtu wa giza nitambishia mpaka asubuhi.

Jihadhari pia na wale watakaokusomea tabia ya mtu kwa picha anazopenda. Najua wapo, maana barua yako nyingine inataja rafiki aliyekwambia kwamba apendaye picha za giza ni mpweke, ana siri, ila akipenda anapenda kweli. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha kila mmoja akamkabidhi majibu yake. Akawaambia wayape alama kati ya 0 na 5, je, yamemsema sawasawa? Wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi yenye maneno yaleyale, mengi ameyatoa kwenye kitabu cha nyota kinachouzwa mitaani. Maneno ya rafiki yako yanamfaa mchumba wako, yanakufaa wewe, na mimi yananifaa.

Haya. Sasa yale ambayo picha zinaweza kusema, maana yapo, na nimeyaona kwa miaka niliyofundisha sanaa sekondari huko Temeke.

Nilikuwa na zoezi moja ambalo sikuliacha mpaka nastaafu. Nawasimulia darasa habari ya Fumo Liyongo, kwa kufuata utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Shujaa haingii mshale wala mkuki, mauti yake yako kwenye kitovu, kwa sindano ya shaba tu. Mwanawe wa kumzaa anadanganywa na watawala wa Pate, anamchoma babaye usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti, anaweka mshale tayari, na roho inamtoka akiwa vilevile. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai. Hakuna anayethubutu kuteka maji. Mji unapata kiu mpaka mama yake anaitwa aje ambembeleze mwanawe, na mama naye hajui kwamba anaimbia maiti.

Nikimaliza nagawa manila, nawaambia chora. Siwaambii mahali gani. Wengi walikuwa wanachora sindano, na mkono wa mtoto umeinuliwa. Ni sawa, ndipo penye kishindo. Lakini mwaka mmoja kuna binti alichora mitungi. Mitungi mitupu imepangwa njiani, mingine imelala ubavu, wanawake wako mbali wamejikunja khanga usoni, na Liyongo mwenyewe ni kivuli kidogo juu ya kilima. Huyo alikuwa anapanga foleni ya bomba kabla ya kuja shule, anafika darasani gauni limelowa pajani. Mwingine, kijana mkorofi ambaye walimu wenzangu walishamkatia tamaa, alimchora mama peke yake, kwa nyuma, mdomo hauonekani.

Hadithi ilikuwa moja, nami ndiye niliyewapa. Mahali pa kusimama ndani ya hadithi walichagua wao wenyewe. Hapo ndipo mtu anapojitoa, na ndipo nilipokwenda kumtafuta mchumba wako.

Tazama alivyofanya kwa Icarus. Unaijua: baba fundi, Daedalus, anamtengenezea mwanawe mabawa ya manyoya na nta wakimbie kisiwani, mtoto anapaa juu mno, jua linayeyusha nta, anaanguka baharini. Wengi wanaoposti habari hii wanatafuta picha ya kijana akipaa au akiporomoka, kisha wanaandika neno la kujitapa, bora kuanguka kuliko kutopaa. Yeye kaweka mbili, na zote za baada. Moja ni ya Mwingereza Herbert James Draper, ya 1898: Icarus ameshakufa, kalazwa mwambani, mabawa yametanda, wasichana wa majini wamemzunguka. Nyingine ni ile ya Brussels inayohesabiwa kuwa ya Pieter Bruegel, ingawa wataalamu wengi wanaiona ni nakala ya kazi yake iliyopotea. Humo mkulima analima, mchungaji ameegemea fimbo, jahazi linapita, na kwa Icarus imebaki miguu tu kwenye pembe ya picha, inazama. Na chini ya ile ya Draper mchumba wako ameandika: "Baba alikuwa mbele anaruka. Alipogeuka aliona manyoya juu ya maji." Hilo halikutoka kichwani mwake, ndivyo alivyosimulia Ovid, mshairi wa Roma. Lakini hadithi ina mistari mingi, akaenda kuokota huo.

Nenda kwa Persephone, binti aliyetekwa na Hades, mungu wa kuzimu, akapelekwa huko. Wachoraji wanapenda sana kuchora kule kutekwa. Yeye ameweka kurudi, ya Frederic Leighton, 1891: Hermes, mjumbe wa miungu, anampandisha binti kutoka shimoni, na mama, Demeter, yuko kwenye mdomo wa pango, mikono wazi. Ameandika: "Mama hakuhama mlangoni." Kwa Narcissus wa Waterhouse, wa 1903, kijana anayejitazama majini hajamsema kabisa. Anamsema Echo, yule msichana aliyekaa pembeni anayependa bila kutazamwa. Na kwa Saturn wa Goya, picha iliyomkimbiza shangazi, kaandika jina la mchoraji, miaka, mahali ilipo, kisha: "Alikuwa na watoto akawaona maadui."

Baba anayegeuka amechelewa. Mama anayengoja. Baba anayekula wanawe. Mtu aliyepita kando akaachwa. Nikarudi kwenye barua yako, nikasoma tena pale uliposema kalelewa na bibi, na habari za baba yake hazungumzi.

Siwezi kukuapia, mwanangu. Huenda ni mambo mawili yaliyokutana tu. Lakini ukiniuliza mimi, mtu huyu hapendi vitisho. Kila hadithi anaingilia kwenye mlango wa aliyebaki, na amefanya hivyo miezi mitatu bila kuacha. Hayo ni mazoea ya moyo.

Kuna la pili, na hili lina uzito kuliko la kwanza kwa anayetaka kuolewa. Tazama adabu yake. Kila picha ina jina la aliyeichora. Hujui ni nadra kiasi gani! Kurasa kubwa za picha, za hapa na za nje, zinachukua kazi za watu zinakata mpaka sahihi ya mchoraji pembeni ili zionekane zao. Huyu anaandika jina, mwaka, na jumba ilipo. Kuna mtu alikuja kwenye komenti akamwambia mwaka aliouandika wa picha moja si wenyewe. Akajibu, "Asante ndugu, nimerekebisha," na kweli amerekebisha, na komenti ile hakuifuta. Mwingine akamwandikia ushindwe kwa jina la Bwana. Akamweleza hadithi ya picha kwa upole mwanzo mpaka mwisho, akamalizia kwa kumtakia Jumapili njema. Wewe unafanya kazi dirishani famasi, unajua watu wanavyojibu wakiguswa. Mwanamume anayekubali kusahihishwa mbele ya watu elfu tisa, nyumbani mkigombana kwa sababu ya chumvi ataweza kusema samahani. Hilo nalisema bila kuzungusha maneno.

Lipo linalonipa shaka pia, nisikufiche. Miezi mitatu hakuna hata picha moja ya kucheka, na ngano za Wagiriki zina vichekesho tele, akina Hermes mtoto mchanga anayeiba ng'ombe wa kaka yake. Huenda usiku ndio saa yake ya huzuni na mchana anacheka. Huenda hajui pa kuiweka furaha. Hilo wewe unaliona kwa macho, mimi sioni.

Kuhusu kutokuwekwa wewe: ukurasa ule si albamu ya familia, hata yeye mwenyewe hayumo, kwa hiyo hapo sioni fiche. Kama una sababu nyingine za kutaka ujulikane, na mwanamke mwenye barua ya posa ana haki hiyo, basi mwambie wazi na msilizungushe kwenye Icarus.

Fanya hivi. Usimuulize kwa nini anaposti mashetani. Kaa naye, fungua ile ya Demeter, mwambie nisimulie. Akimaliza muulize alikuwa anamngoja nani. Kisha nyamaza, hata akichukua muda. Kwa shangazi, mwombe mchumba wako mwenyewe aende akamsimulie hizo picha, na aanze na ya Persephone, si ya Goya. Wanawake wa Tanga wana masikio ya hadithi. Suala la picha za viumbe na dini silihukumu mimi, kila mmoja ana shehe wake au padri wake. Ila la Frimasoni liondoeni mezani, baba aseme neno, mahari ipokelewe.

Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha tatu, ana miaka 16. Amefungua ukurasa wa Medusa, yule mwanamke wa nywele za nyoka. Hakuna kingine. Baadhi ya picha kazitoa mtandaoni, nyingi kachora mwenyewe. Anamchora nywele zimesukwa twende kilioni, kila msuko mwisho wake ni kichwa cha nyoka, na macho siku zote kayafumba. Jirani anasema ni mizimu inamwita. Mwalimu wake wa darasa anasema ni ukaidi. Nataka nimnyang'anye simu. Nifanye nini?

*Mama, Mbagala*

Marahaba, mama. Simu mwachie. Na hongera, maana wazo la kugeuza twende kilioni kuwa nyoka sijapata kuliona popote, na nimeona Medusa wengi. Huyo mtoto anajua kuchora.

Medusa ana simulizi mbili. Ya zamani zaidi inamhesabu miongoni mwa majitu watatu wa kike, dada kwa dada. Ya Ovid inasema alikuwa msichana mzuri, mungu wa bahari akambaka ndani ya hekalu la mungu wa kike Minerva, na Minerva akamwadhibu yeye aliyebakwa kwa kumgeuza nywele ziwe nyoka. Kuanzia hapo amtazamaye huwa jiwe, mpaka shujaa Perseus alipomkata kichwa. Mwitaliano Caravaggio alimchora karibu na mwaka 1597 juu ya ngao, kichwa kimeshakatwa na mdomo bado unapiga yowe, iko Florence. Miaka yetu hii wanawake wengi wamemchukua kama mwenzao. Mwaka 2020 sanamu ya Luciano Garbati, Medusa aliyesimama na upanga na kichwa cha Perseus mkononi, iliwekwa bustanini New York mkabala na mahakama ya jinai.

Kwa hiyo ukurasa wa Medusa unaweza kuwa kitu chepesi kabisa: msichana amependa nyoka na misuko. Unaweza kuwa hasira ya umri. Na unaweza kuwa kitu ambacho mama anapaswa kukisikia mapema. Mimi nikiwa mbali siwezi kutenganisha, na mtu yeyote akikwambia anaweza kwa kutazama picha tu, usimsikilize. Macho yaliyofumbwa yamenigusa lakini, kwa sababu Medusa mwenye macho wazi anaua. Wa kwako hataki kumdhuru mtu.

Siku mnasukana, au mnachambua mchele, mwombe akusimulie huyu Medusa alifanywaje. Msikilize anavyosimulia, anaharakisha wapi na anasimama wapi. Muulize mbona humfumbui macho. Ikitoka habari nzito, mwamini hapohapo, usimuulize alikuwa amevaa nini wala alikuwa anafuata nini huko. Simu ya kusaidia watoto ni 116, bure, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ikitoka habari nyepesi, mshukuru Mungu, kisha mnunulie penseli za kuchorea za 2B, 4B na 6B na karatasi nzito, maana naona anahangaika kutia vivuli kwa kalamu ya wino. Mpeleke pia Nafasi, kituo cha wasanii pale Mikocheni, akawaone wachoraji wakubwa wakifanya kazi. Jirani mwambie mizimu haifundishi kusuka.

Mwalimu, habari za kazi. Nami nina ukurasa wa sanaa ya ngano, nipo Sinza. Kuna wafuasi wananiambia nina kasumba kwa sababu picha zangu zote ni za Ulaya. Wananionea? Naipenda nchi yangu.

*Kijana wa Sinza*

Salama, kijana wangu. Wanakuonea nusu. Majumba ya Ulaya na Marekani yamezipiga picha kazi zao vizuri na kuziweka wazi. Jumba la Metropolitan la New York lilifungulia picha karibu 375,000 mwaka 2017, mtu yeyote azichukue bure. Ukitafuta usiku umechoka, zitakazokuja mbele ni hizo. Ukurasa wako unaonyesha kilichokuwa karibu na mkono wako, si lazima kilichomo moyoni.

Nusu ya pili ni yako. Kibo na Mawenzi umewatafuta? Wachaga wanasimulia kwamba Mawenzi alikuwa akimsumbua Kibo kwa kuomba moto, anazima wake kila mara, mpaka Kibo akachoka akamtwanga mchi, ndiyo maana Mawenzi kilele chake kimechongoka na kuvunjikavunjika. Na Wamakonde wanasema mtu wa kwanza alikuwa peke yake porini, hajaoga wala kunyoa, akachonga mwanamke kwa mti, akamsimamisha nje usiku, asubuhi akamkuta hai. Watoto wao wa mwanzo walikufa huko mtoni, wakaja kupata wa kuishi walipohamia uwandani juu. Mchongaji anayeanza dunia kwa patasi! Ningekuwa na ukurasa kama wako ningeanza na huyo.

Utaniambia picha hamna. Ni kweli, ni chache, na ndipo ilipo kazi yako. Edward Saidi Tingatinga alianza hapahapa mjini mwaka 1968, kwa vipande vya mbao za dari na rangi za baiskeli, akiuza nje ya duka kule Oysterbay. Hakungoja jumba la mtu. Aliuawa 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu, na waliojifunza kwake hawakuacha, na warithi wao mpaka leo wako pale wanachora ndege, samaki na chui. Nenda ukamwagize mmoja wao Kibo na Mawenzi. Kaa naye umsimulie hadithi nzima kwanza, kisha mwache achague mwenyewe achore wapi. Bei mpatane kabla hajachovya brashi. Muulize kama anakubali kazi iwekwe mtandaoni, na akikubali, jina lake liandike juu kabisa ya maelezo, mahali ambapo hata msomaji mwenye haraka ataliona.